Ngome Waliitwaa, Mji Haukuwa Wao

Hotuba hii niliitoa mbele ya wazee, walimu na vijana waliokusanyika Mji wa Kale, Mombasa. Waliokosa kufika wameomba wapate maneno yote, nami nayaweka hapa kama yalivyosemwa.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, walimu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mlioketi chini hapa mbele kwa kukosa viti, ahsanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie Mombasa na himaya zilizoitawala. Watoto wa shule huulizwa jambo hili kwa namna moja tu: nani aliitawala Mombasa? Na jibu la daftari mnalijua: Wareno, kisha Waomani, kisha Wamazrui, kisha Mabusaidi wa Zanzibar, kisha Waingereza. Mtihani umekwisha, vitabu vifungwe. Mimi leo nina swali jingine. Katika miaka yote hiyo, nani aliilisha Mombasa? Nani alimdhamini nahodha mgeni asiyejulikana na mtu? Nani alikwenda bara akarudi na pembe, nta na nafaka?

Niseme mapema ninachokiamini. Kwa karibu miaka 400, kila aliyekuja na mizinga aliipata ngome na forodha, lakini mji hakuupata. Mji huu ulikuwa na mikono miwili, mmoja umeshika bahari na mmoja umeshika bara. Wako waliouchoma moto zaidi ya mara moja, na mikono ile haikukatika. Aliyekuja kuukata mkono wa bara alikuja na karatasi, na nitamfikia.

Tuanze kabla ya mizinga. Mwaka 1331 alipita hapa Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, akitoka Mogadishu kwenda Kilwa. Alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja, lakini tazameni alichokiona! Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Aliona kwenye mlango wa kila msikiti kisima kimoja au viwili, visima vifupi, kina chake dhiraa moja au mbili, na maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa dhiraa moja. Watu walitembea miguu mitupu. Anayetaka kuingia msikitini huosha miguu kwanza, kisha huisugua kwenye kipande cha mkeka mnene kilichowekwa mlangoni. Aliwaona kuwa watu wa dini, wema na waaminifu. Na aliona jambo moja zaidi, ambalo wengi hulipita haraka: kwamba watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka. Chakula chao ni ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka pwani ya ng'ambo.

Nafaka huletewa! Basi tangu mwaka 1331 tunajua siri ya mji huu. Kisiwa hakijilishi. Anayekaa hapa bila kupatana na jirani wa ng'ambo ya Makupa na Likoni atakula ndizi mpaka azichoke, na adui akija atakufa njaa.

Mkono wa pili ni wa bahari, nanyi wazee mnaujua kuliko mimi. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hivi, majahazi hushuka kutoka Uarabuni, Ghuba na Gujarati, yamebeba vitambaa vya Cambay, shanga, tende na vyombo vya kauri. Kusi ikianza, kuanzia Aprili, hupanda kurudi na pembe za ndovu, nta, na boriti za mikoko za kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Katikati ya pepo hizo mbili mgeni hana pa kwenda. Anakaa miezi. Analala kwa mwenyeji, anakula kwa mwenyeji, mwenyeji ndiye anayemtafutia mnunuzi, na pengine huoa hapa hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa palikuwa na watu walioishi kwa maneno hayo, wakajenga kwayo nyumba za mawe za ghorofa. Biashara ya Mombasa ilikuwa kumjua mtu. Umjue wa jahazini, umjue na wa kaya, yaani wa makazi ya Mijikenda ya ng'ambo.

Sasa waje wenye mizinga.

Vasco da Gama alifika Aprili 1498, hakuaminiana na wenyeji, akaondoka kwenda Malindi alikopokewa vizuri. Baada ya miaka saba, Agosti 1505, alikuja Francisco de Almeida na kundi la merikebu, ametoka kuishambulia Kilwa. Mji ulichomwa, ukaporwa. Walitoa humu hariri, vitambaa vya nyuzi za dhahabu na mazulia, na zulia moja lilikuwa zuri kiasi cha kupelekwa kwa mfalme wa Ureno mwenyewe.

Mfalme wa Mombasa aliandika barua baada ya siku zile, na maneno yake yamehifadhiwa na Wareno wenyewe. Mnajua alimwandikia nani? Alimwandikia mfalme wa Malindi. Mshindani wake. Mtu aliyefanya urafiki na hao hao waliomchomea mji. Alimwambia kwamba amepita hapa bwana mkubwa akiunguza, hakuacha mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto, hata awe mdogo vipi; na kwamba harufu ya maiti ni kali mno, hathubutu kurudi mjini. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na kila mara nasimama hapo hapo. Mwenye mji hathubutu kuingia mjini mwake.

Lakini watu walirudi. Walirudi kiasi kwamba mwaka 1528 alipokuja Nuno da Cunha, alikuta tena mji wa kupora. Safari hii watu walivuka bara mapema, wakamwachia nyumba. Akakaa humo miezi akizungukwa na maradhi, askari wake wakafa wengi, na mwaka 1529 akautia mji moto, akaondoka. Watu wakarudi tena. Ikaja 1589: Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa ameingia hapa na kujenga ngome yake ndogo ili awapinge Wareno. Merikebu za Wareno zikatokea upande wa bahari, na upande wa Makupa wakatokea Wazimba, wapiganaji waliopanda kutoka kusini. Mji ukabanwa pande zote mbili. Huo ndio mwaka ambao mikono yote miwili ilishikwa kwa pamoja, na Mombasa ilianguka vibaya kuliko wakati wowote. Muda mfupi baadaye Wasegeju walishirikiana na Malindi, na Sheikh Ahmad wa Malindi akahamia hapa kuwa mfalme, chini ya kivuli cha Mreno.

Aprili 1593 ndipo msingi wa Ngome, hii Fort Jesus, ulipowekwa, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitalia aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno. Nyote mmepita pale. Mawe ya matumbawe, kuta nene, buruji zimeelekezwa baharini na nchi kavu. Vijana, mkienda tena msitazame mizinga tu. Tafuteni michoro ambayo askari na mabaharia wa Kireno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu zenye matanga, watu, samaki. Ni watu waliokuwa mbali na kwao, wamechoka, wanachora chombo cha kuwarudisha.

Na sasa nisikilizeni vizuri. Kapteni wa ngome hiyo kubwa, mwenye mizinga yote hiyo, alikuwa akiwalipa watu wa bara vitambaa. Wareno waliwaita Wamusungulo, na ndio mababu wa Mijikenda tunaowajua. Aliwapa nguo ili njia iwe salama na chakula kifike. Forodha alikuwa nayo. Vyombo vya mwambao alivilazimisha kupita hapa kulipa ushuru. Lakini akila, amekula kwa idhini ya ng'ambo.

Hapo katikati kuna kisa ambacho ni lazima nikisimulie polepole, kwa sababu watu wawili wakikisimulia hukisimulia tofauti.

Sheikh Ahmad alifuatwa na mwanawe, Hasan. Hasan aligombana na kapteni, na mwaka 1614 akakimbilia Rabai. Wareno waliwapa watu wa huko vitambaa, Hasan akauawa, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Aliacha mtoto mdogo, Yusuf. Mtoto huyo naye alipelekwa Goa, mji ule ule, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akafunzwa kazi ya mizinga katika vyombo vyao. Alipokua wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao mtiifu. Mkristo, msomi wa Kireno, mke wa Kikristo. Nani angemshuku?

Inasimuliwa kwamba alionekana akisali kwa Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, habari ikamfikia kapteni, naye kapteni akaazimia kumrudisha Goa akahukumiwe. Yusuf hakungoja. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake na kumuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Wakristo waliosalia mjini, wanaume, wanawake na watoto, Wareno na Waafrika, wengi waliuawa katika siku zilizofuata.

Wako wanaomwita shujaa, na wako Wakatoliki wanaowakumbuka waliokufa kama Mashahidi wa Mombasa. Mimi nasema hivi: mtoto aliyeuliwa babaye na kulelewa na wauaji alitendewa dhuluma kubwa, na watoto aliowaua yeye nao walitendewa dhuluma kubwa. Sitachagua mmoja nikamwacha mwingine, na siwaombi nyinyi mchague. Wareno walileta jeshi kutoka Goa mapema mwaka 1632, wakashindwa kuitwaa Ngome. Lakini Yusuf aliona hawezi kukaa. Alipakia mizinga katika chombo alichokiteka, akaondoka, akawa mtu wa kuvamia vyombo mpaka akafa upande wa Bahari ya Shamu. Mizinga aliijua kweli kweli. Lakini watu wa bara ndio waliokuwa wamemuua baba yake.

Nitaupita haraka muda uliofuata nifike kwenye mzingiro mkubwa wa Ngome. Mwaka 1650 Waomani wa nasaba ya Yaarubi waliwafukuza Wareno Maskati. Watu wa mwambao walisikia, wakapeleka wajumbe kuomba msaada. Tarehe 13 Machi 1696 merikebu za Imamu Saif bin Sultan zikafika Mombasa, na Ngome ikazingirwa. Mnajua kuzingirwa huko kulichukua muda gani? Mpaka tarehe 13 Desemba 1698. Miaka miwili na miezi tisa!

Vitabu husema: Waarabu na Wareno walipigana. Basi ingieni ndani ya kuta muone nani alikuwamo. Msaada ulipokuja kutoka Goa ulileta askari, ukaleta na maradhi. Wareno walikufa mmoja baada ya mwingine, na mwishoni mwa Agosti 1697 akafa kapteni wao. Nani aliishika Ngome? Aliishika Bwana Daud wa Faza, Mswahili wa visiwa vya kaskazini, pamoja na jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Wanawake 50 wa kwetu juu ya kuta zile, mpaka chombo kingine cha msaada kilipofika Septemba. Majina yao hayakuandikwa. Mama zangu, hili huniuma sana. Tunajua jina la merikebu iliyozama chini ya Ngome mwaka ule, Santo António de Tanná, wapiga mbizi wameichimbua, vyombo vyake vimo katika makumbusho. Na jina la mwanamke hata mmoja kati ya wale hatuna.

Waswahili walikuwa ndani, na Waswahili walikuwa nje pamoja na Waomani. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya nani atauacha mji ufanye biashara. Ngome ilipoanguka, msaada wa mwisho kutoka Goa ulifika siku chache baadaye, mabaharia wakaiona bendera nyekundu juu ya ukuta, wakageuza tanga.

Je, Waomani waliupata mji? Mwaka 1728 watu wa Mombasa walichoshwa nao, na Wareno wakapata mwanya wa kurudi. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa hao hao waliinuka dhidi ya Mreno, na Novemba 1729 akatoka kwa mara ya mwisho. Kisha ukaenda ujumbe Oman. Ulikuwa ujumbe wa nani? Wa Thelatha Taifa, muungano wa makundi matatu ya Waswahili wa Mombasa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Wa Tisa Taifa, muungano wa makundi tisa, walioongozwa na Wamvita. Na pamoja nao wawakilishi wa Mijikenda. Hao ndio Mombasa. Kisiwa na bara chombo kimoja, wakienda kupatana na mfalme kuhusu atakayewekwa Ngomeni.

Ndipo walipoingia Wamazrui, ukoo wa Oman, kuwa maliwali, yaani magavana. Nasaba ya Oman ilipobadilika, Busaidi wakachukua nafasi ya Yaarubi, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kuwatii. Karibu mwaka 1746 waliuawa yeye na baadhi ya wenziwe kwa hila, nduguye Ali akafungwa Ngomeni. Ali alitoroka. Akaenda wapi? Bara! Akarudi na Waswahili na Mijikenda, wakapanda kuta, Ngome ikarudi. Kwa miaka karibu 90 baada ya hapo Wamazrui walikaa kwa sababu Taifa mbili na kaya za ng'ambo ziliwakubali, na walipokosana wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1837, Seyyid Said, sultani wa Kibusaidi, akaingia, akawakamata wakuu wao na kuwahamishia Bandar Abbas. Hata yeye aliendelea kuwatambua matamimu, yaani wakuu, wa Taifa na kuwapa heshima zao. Enzi hiyo ya Wamazrui ndiyo iliyomlea Muyaka bin Haji, mshairi ambaye Mombasa haijapata wa kumpita.

Nisiseme mazuri tu. Mji huu ulifanya biashara ya watu. Katika karne ya 19 watumwa walilima mashamba ya mwambao huu, na utajiri wa nyumba nyingi tunazozisifia milango yake ulitoka hapo. Frere Town, ng'ambo hapo, ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa, na sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika mwambao huu ilikuja mwaka 1907 tu. Kuna watu katika mkutano huu ambao nyanya wa nyanya zao waliletwa kwa kamba. Historia yao ni historia ya Mombasa kama ilivyo ya Wamazrui.

Sasa Mwingereza. Aliwahi kuja mwaka 1824, kapteni Owen akapandisha bendera kwa maombi ya Wamazrui, na mwaka 1826 ikashushwa. Aliporudi alirudi na mkataba. Mwaka 1888 kampuni yake ilipewa hati ya malkia, na tarehe 1 Julai 1895 serikali yenyewe ikatangaza himaya. Mbaruk bin Rashid, Mmazrui, alipigana mpaka mwaka 1896 alipokimbilia upande wa Wajerumani. Ngome ikafanywa jela, na ikabaki jela mpaka mwaka 1958. Mji haukuchomwa. Waingereza hawakumwaga damu mjini humu kama Almeida. Lakini nawaambia, hakuna aliyeubadilisha kama Mwingereza.

Kwanza reli. Ilianza mwaka 1896, wakaletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Mzigo wa bara sasa unatoka Uganda mpaka Kilindini bila kumhitaji Mkamba wala Mgiriama, bila mwenyeji wa Mji wa Kale kumdhamini mtu. Makao makuu yakahamishiwa Nairobi. Kumjua mtu kukawa hakuna bei.

Pili, na hili ndilo zito, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Kila anayedai ardhi ya mwambao aje mbele ya msajili, alete ushahidi. Ardhi isiyodaiwa ni ya serikali. Sasa niambieni, kaya ya Mijikenda, iliyolima kwa miaka mingi kwa haki ya ukoo, italeta karatasi gani? Wenye karatasi, au wanaojua njia ya ofisini, walipata hati. Wa ng'ambo, walioilisha Mombasa tangu zama za Ibn Battuta, waliowapokea watu wake 1528, waliompa Ali bin Uthman watu wa kupanda ukuta, wakaamka wageni katika mashamba yao. Uskwota wa Pwani, yaani kukaa kwenye ardhi bila hati, unaousikia redioni kila uchaguzi umezaliwa hapo. Na ubaya zaidi, ndugu zangu, ni kwamba wa kisiwani na wa ng'ambo walianza kutazamana kama mwenye hati na asiye na hati.

Tarehe 8 Oktoba 1963 ulitiwa sahihi mkataba wa kuukabidhi mwambao wa maili kumi, ambao kwa karatasi ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar, uwe sehemu ya Kenya. Hati za ardhi zilizotolewa kabla zikaachwa vile vile.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, na sasa nina ombi. Wazee, majumbani mwenu yamo masanduku. Mna barua za babu zenu na madalali wa Rabai na Jomvu, madaftari ya mizigo, nikaha za Mvita aliyeoa Mduruma, makubaliano ya mashamba yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Msizitupe na msiwauzie watalii. Walimu waliopo hapa wamekubali kuzipiga picha mbele yenu na kuwarudishia papo hapo. Nanyi mliotoka Mariakani, Kaloleni na Kwale, mliovuka kuja kunisikiliza, mna masimulizi ya upande wa pili wa barua hizo, na bila nyinyi hazisomeki. Meza iko pale mlangoni, karatasi ya majina ipo.

Maswali yaanze kwa wazee wa ng'ambo, kisha mama zangu, kisha wanafunzi.